Printa Iliyoitikia Jina la Mwenzake

Kengele ya mwisho ilipolia shuleni, wenzake walikimbia. Serah alitembea. Mwezi wa Oktoba mijakaranda ya Bertrams, mtaa wao wa Johannesburg, humwaga maua yake mpaka lami haionekani, na Serah alipenda kujifanya kwamba anatembea juu ya mto wa zambarau ambao hauloweshi viatu. Mwalimu wake alikuwa amekwisha kumwambia mama yake kwamba mtoto huyu huota macho wazi, na kwamba kama ndoto zingekuwa somo la kutahiniwa, angekuwa wa kwanza darasani.

Alikuwa na miaka kumi na miwili. Mwaka uliopita alikuwa akirudi nyumbani na ufunguo unaoning'inia shingoni. Alifungua mlango mwenyewe, akapasha chakula mwenyewe, kisha akakaa dirishani akiutazama uwanja wa Ellis Park mpaka giza lilipokaribia na wazazi wakarudi. Hakuwahi kulalamika. Lakini nyumba tupu ina sauti yake, na Serah aliijua vizuri sauti hiyo: friji ikinguruma, bomba likidondosha tone, na hakuna mtu wa kumwuliza siku ilikuwaje.

Sasa mambo yalikuwa yamebadilika. Mama yake, Maryanne, alifanya kazi katika benki moja kule Marshalltown. Benki ilikuwa imeanza jaribio: wafanyakazi wachache wangeshinda ofisini mpaka saa sita mchana, kisha wamalizie kazi nyumbani. Mama alikuwa mmoja wao. Kwa hiyo siku hizi Serah alipofika mlangoni, alisikia vidole vya mama vikigonga kompyuta, tik-tik-tik, na harufu ya chai ya tangawizi ikampokea kabla hajavua mkoba. Alilala kifudifudi kwenye zulia, vitabu mbele yake, akasikiliza. Kwake yeye hakukuwa na muziki mtamu kuliko huo.

"Mama," aliuliza siku moja, "unawezaje kuwa ofisini na hapa kwa wakati mmoja?"

"Kwa VPN," mama akajibu bila kuinua macho.

"Hiyo ni nini?"

Mama akaacha kuandika. "Wewe na Spès mkiwa kwenye foleni shuleni, mkaongea Kiswahili, nani hujua mnasema nini?"

"Hakuna mtu!" Serah akacheka. Spès alikuwa rafiki yake mkubwa, msichana wa familia ya Kirundi. Darasani mwao ni wao wawili tu waliojua Kiswahili, na ingawa kila mmoja alikuwa na Kiswahili chake, walielewana.

"Na si mnaongea mbele ya watu wote?"

"Ndiyo, mbele ya wote."

"Basi VPN ni hivyo. Kompyuta yangu inaongea na kompyuta za benki mbele ya mtandao mzima, lakini kwa lugha yao wawili. Anayepita njiani anasikia kelele tu."

Tangu siku ile, Serah aliyaona maneno ya mama yake yakitoka dirishani na kuelea juu ya mapaa, yakipita uwanja na reli, yakinong'onezana Kiswahili mpaka Marshalltown.

Kisha ikaja mvua ya Jumanne. Radi za Johannesburg hazibishi hodi. Moja ilipiga karibu sana hata vikombe vikatikisika kabatini, na ruta, kile kisanduku kidogo kinachogawa mtandao nyumbani, kikatoa moshi mwembamba na kuzima taa zake zote. Jioni hiyo hiyo baba akanunua ruta mpya, ya kampuni iitwayo Nuvika, katika duka moja karibu na Joubert Park. Aliyemwuzia ni Hugues, kaka mkubwa wa Spès, aliyekuwa ameajiriwa hapo.

Ruta mpya ilikuwa nzuri, nyeupe, yenye taa za kijani zilizokuwa zikikonyeza. Mtandao ulipatikana mara moja. Baba akasoma magazeti ya Nairobi, Serah akatazama katuni. Lakini Jumatano alasiri mama alipokaa kazini, mambo yakamgomea. VPN iliandika kwamba imeunganishwa. Barua pepe zilikuja. Lakini kompyuta kubwa ya ofisini, ile iliyohifadhi mafaili yote ya wateja na ambayo wafanyakazi waliiita "kabati", haikufunguka. Mama alibofya, akangoja, akabofya tena. Kabati halikujibu.

Alizima ruta na kuiwasha. Alibadilisha waya. Akaazima modemu ya simu kwa jirani, ile ndogo inayochomekwa ubavuni mwa kompyuta, akajaribu kupitia hiyo, na kabati likafunguka papo hapo. Lakini jirani naye alikuwa na kazi zake na aliihitaji modemu yake.

"Unaona?" baba akasema kwa ushindi. "Kwa modemu inafanya kazi, kwa ruta haifanyi. Kosa ni la ruta. Kampuni hizi!"

Hapa inafaa tueleze habari za baba kidogo. Sidney alifundisha historia chuo kikuu, na alikuwa mtu mwema, mcheshi, mwenye tabia moja tu ya kuchosha: kwake, kosa lilianzia kiwandani daima. Ugali ukiungua, sufuria ilitengenezwa ovyo. Shati likikosa kifungo, washonaji wa siku hizi hawana adabu. Mkewe alikuwa amezoea na Serah alicheka tu. Lakini safari hii hakuna aliyecheka, maana simu ya meneja ilikuwa imeshaingia.

Mama alizungumza na meneja huyo kwa sauti ya upole, "Ndiyo, naelewa," "Ndiyo, naelewa," kisha akaiweka simu mezani taratibu.

"Ripoti ya mwisho wa mwezi inatakiwa Jumatatu asubuhi," alisema. "Isipofika, jaribio langu linaishia hapo. Nitarudi ofisini kutwa nzima."

Hakumtazama Serah aliposema hivyo, na Serah alijua kwa nini. Aliisikia tena ile friji ikinguruma katika nyumba tupu.

Alhamisi jioni baba alimchukua wakaenda dukani pamoja. Hugues alikuwa nyuma ya kaunta, kijana mwembamba mwenye shati lililopigwa pasi vizuri. Duka lilikuwa limejaa watu.

"Papa, karibu," akasema, akimwita baba kama kwao wanavyomwita mzee. "Ruta inasemaje?"

"Haisemi kitu! Ndiyo shida yenyewe!"

"Pole sana, papa. Hebu tuangalie pamoja. Mtandao wa kawaida unapata? Ni VPN peke yake inayokataa? Mmeifungua ile..."

"Sikuja hapa kuulizwa maswali," baba akamkatiza. Sauti yake ilikuwa ile ya kufundishia watu mia mbili ukumbini. "Nilinunua kitu kizima, mmenipa kibovu. Nuvika ni takataka, na wewe unajua ni takataka, na bado umeniuzia!"

Mwanamke mmoja aliyekuwa ameshika simu aina ya Nuvika akairudisha taratibu mahali pake. Mwenye duka akachungulia kutoka chumba cha nyuma, akamtazama Hugues kwa jicho lisilo zuri. Hugues akainamisha kichwa.

"Pole, papa," akarudia kwa sauti ndogo. "Ilete Jumatatu, nitaijaribu mwenyewe."

"Jumatatu tutakuwa tumechelewa!" baba akasema, akamshika Serah mkono wakatoka. Serah aligeuka nyuma mara moja. Angependa kusema kwamba alimwonea Hugues huruma. Ukweli ni kwamba wakati ule alikuwa anamchukia.

Kesho yake shuleni, Spès alikuwa amemwekea nafasi kwenye foleni kama kawaida.

"Jana kaka yangu hakula," Spès alisema polepole, kwa Kiswahili chao. "Patron, yule mwenye duka, alimgombeza sana, vraiment, kweli kabisa. Alisema wateja wakikimbia, naye atamkimbiza. Baba yako alisema nini kule?"

Serah alikuwa hajalala vizuri. Aliyatazama macho ya rafiki yake akaona ruta, akaona meneja, akaona ufunguo shingoni mwake. "Alisema ukweli," alijibu. "Kaka yako ametuuzia takataka."

Kama angeishia hapo, maneno yangebaki kati yao wawili. Hakuishia hapo. Aliyasema tena, kwa Kiingereza safi, kwa sauti, na foleni nzima ikasikia. Mtu mmoja akasema "Eish!" na wengine wakacheka. Spès alitoka kwenye foleni akaenda kusimama peke yake ukutani.

Serah alibaki mahali pake. Siku ile mto wa zambarau ulikuwa maua yaliyokanyagwa tu, na yalinata viatuni.

Jumamosi asubuhi mama alikaa tena mbele ya kompyuta. Alikuwa ameshauriana na mafundi wa benki, nao walisema kwao kila kitu kiko sawa. Baba alikaa upande wa pili wa meza akiiandikia Nuvika barua ya malalamiko. Alikuwa ukurasa wa tatu, na bado alikuwa anaeleza jinsi viwanda vilivyoanza kuharibika ulimwenguni. Serah alikuwa kwenye zulia, macho yake yakielea kutoka dirishani hadi kwenye rafu ya vitabu, ambapo printa ya nyumbani ilikuwa imelala na taa yake imezima.

Simu ikalia. Alikuwa Shosho, mama yake baba, akipiga kutoka Murang'a kwa simu ya baba mdogo, kwa hiyo hakuwa na haraka yoyote. Baba akaifungulia sauti ili wote wasikie. Shosho akamsalimia mwanawe, akamsalimia mkaza mwana, akauliza kama huko nako kumenyesha, kisha akapaza sauti:

"Serah!"

"Naam, Shosho!" Serah akaitika.

Lakini sauti nyingine ilikuwa imeitika kabla yake, kutoka huko huko Murang'a, karibu kabisa na simu: "Naam, Shosho!"

"Si wewe!" Shosho akasema. "Namwita Serah wa Johannesburg. Ai, huyu wa hapa! Nikitamka jina tu, ameshafika."

Wote wakacheka, hata mama. Kwao, binti wa kwanza hupewa jina la nyanya mzaa baba. Shosho alikuwa na wana wanne wa kiume, na kila mmoja alimheshimu mama yake ipasavyo, kwa hiyo bomani mwake kulikuwa na akina Serah wanne. Kila Desemba walipokutana, Shosho alipoita jikoni akimtaka mmoja, aliyekuwa karibu ndiye aliyetokea, akala chapati ya moto iliyokusudiwa mwingine. Serah wa Johannesburg alikosa chapati nyingi kwa sababu ya kuota ndoto zizini.

Alikuwa anatabasamu kwa kumbukumbu hiyo, macho yake yakiwa bado kwenye rafu, mama alipobofya kabati kwa mara nyingine. Printa ikawasha taa. Ikakohoa, krr-krr, kama mtu aliyeamshwa usingizini. Ikangoja. Kisha ikalala tena.

Serah akakaa wima.

Aliwahi kuliona jambo hilo. Siku tatu alikuwa akiliona, Jumatano, Alhamisi na Ijumaa, kwa yale macho yake yanayotazama bila kufikiri. Mama anabofya, printa inakohoa.

"Mama, fanya tena."

"Nifanye nini?"

"Bofya kabati. Tafadhali. Halafu utazame printa."

"Sasa ndoto zimefika hadi kwenye printa," baba akasema, lakini mama hakucheka. Alibofya. Krr-krr, ikafanya printa. Akafungua barua pepe, printa ikakaa kimya. Akafungua gazeti, kimya. Akabofya kabati. Krr-krr. Baba akaweka kalamu chini.

"Mama," Serah alisema, "wewe unaita kabati, lakini inaitika printa. Kama Serah wa kule. Labda zina jina moja."

Mama aliitazama printa. "Kompyuta haziitani kwa majina," alisema polepole. "Zinaitana kwa nambari. Kila chombo kina anwani yake." Aliinuka, akabonyeza kitufe cha printa na kukishikilia, nayo ikatoa karatasi yenye maelezo yake, pamoja na anwani. Kisha akaitafuta anwani ya kabati la ofisini. Akaziweka pamoja mezani. Nambari zilikuwa zile zile, tangu ya kwanza hadi ya mwisho.

"Ni wajina," mama akanong'ona. "Printa yetu na kabati la benki ni wajina."

"Rahisi basi!" baba akaruka, akaizima printa ukutani kabisa. "Mwitikaji hayupo. Jaribu sasa."

Mama akabofya. Wakangoja wote watatu. Kabati halikufunguka.

"Si nilisema?" Baba akarudi kwenye kiti chake na kuishika kalamu. "Nuvika!"

Serah alihisi machozi yakimlenga. Alikuwa na hakika kabisa. Kutoka kwenye simu, ambayo kila mtu alikuwa ameisahau, Shosho akauliza, "Mnapigania nini huko? Nani ameitwa?"

Serah akaichukua simu. Wazo lilikuwa limemjia, dogo, la kuchekesha. "Shosho, kama Serah wa hapo ameenda sokoni, na wewe unaita Serah, na hakuna anayeitika, unafanyaje?"

"Namtafuta."

"Unamtafuta wapi?"

"Hapa hapa bomani! Jikoni, zizini, shambani. Kwani nitaanza kumtafuta Johannesburg mtu ambaye najua ni wa hapa?"

Serah akamgeukia mama yake. Mama alikuwa ameshafunika mdomo kwa mkono.

"Nambari zote za nyumba hii," mama akasema, "zinafanana na za ofisi. Si printa tu. Ni boma zima. Kompyuta yangu ikiambiwa nambari ya kabati, inadhani ni mtu wa humu ndani. Inamtafuta humu humu. Hata printa ikiwa imezimwa, haina sababu ya kutoka nje." Akaipiga meza kofi. "Ndiyo maana ruta ya zamani haikutusumbua! Nambari zake zilikuwa nyingine. Na za modemu pia ni nyingine!"

"Kwa hiyo ruta hii si mbovu?" Serah akauliza.

"Si mbovu hata kidogo. Wala ofisi haijakosea. Ruta nyingi hutoka kiwandani na nambari hizi hizi. Zimekutana tu, basi."

Baba alikiangalia kijitabu cha ruta kilichokuwa juu ya rafu, bado kimo ndani ya mfuko wake wa plastiki. Alikichana mfuko, akavaa miwani, akaanza kusoma kimyakimya. Baada ya muda akakohoa.

"Ukurasa wa saba," alisema. "Wameandika jinsi ya kubadilisha anwani za nyumba. Unaingia hapa, unabadilisha nambari ya tatu, unahifadhi, unaiwasha upya."

"Niweke ngapi?" mama akauliza, vidole tayari.

"Shosho," Serah akaita kwenye simu, "una miaka mingapi?"

"Sabini na sita. Au sabini na saba. Wakati wetu hakuna aliyeandika."

"Weka sabini na sita," Serah akasema.

Mama akaweka. Taa za ruta zikazima zote, kisha zikaanza kurudi moja moja, taratibu, kama nyumba za mtaani zinavyowasha taa magharibi. Serah alizitazama bila kupepesa. Baba akaiwasha printa tena ili lisibaki swali. VPN ikaunganishwa. Mama akavuta pumzi, akabofya kabati.

Printa haikukohoa. Ikabaki imelala, haina habari. Na mafaili ya benki yakatiririka kwenye kioo, safu baada ya safu.

Serah alipiga ukelele, akamkumbatia mama yake shingoni hata miwani ya mama ikaanguka. Mama alikuwa anacheka na kulia. Shosho kwenye simu naye akapiga vigelegele, ingawa hakuwa amepata kuelezwa ni kwa ajili gani. Kabla ya chakula cha mchana ripoti ilikuwa imekwenda, na baada ya chakula meneja akajibu kwa ujumbe mfupi: "Imefika. Endelea na utaratibu wako wa nyumbani."

Endelea. Serah alilisoma neno hilo mara nyingi. Alasiri zake zilikuwa zimerudi. Akajilaza kwenye zulia aanze kuota, akafumba macho, lakini ndoto haikuja. Kila alipojaribu, alimwona Spès amesimama ukutani.

"Baba," akasema, "na Hugues je?"

Baba alikuwa anaichana barua yake ya kurasa tatu. Mkono wake ukasimama. "Nitampigia simu Jumatatu nimweleze."

"Baba, hukumgombeza kwa simu."

Serah mwenyewe alishtuka kwa aliyoyasema. Lakini kwao, binti aliyebeba jina la nyanya yake si binti tu. Baba alikuwa akimwita "Mama" tangu alipozaliwa, kwa mzaha nusu na kwa heshima nusu, na mtu hawezi kumbishia mama yake kirahisi. Alimtazama mkewe apate msaada.

"Umemsikia mama yako," Maryanne akasema. "Na wewe Serah, mbona una uso huo?"

Hapo Serah akaeleza yote: foleni, maneno yake, Kiswahili kwanza, kisha Kiingereza. Hakujitetea. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akampa sweta lake na kumwambia tu, "Nenda na baba yako."

Duka lilikuwa limejaa tena, kama kila Jumamosi. Spès alikuwepo, akipangusa vumbi kwenye maboksi. Alipowaona, akageuza uso. Hugues naye alisimama wima, mikono juu ya kaunta, akisubiri kupigwa na maneno. Mwenye duka alichungulia.

Baba hakuinama kumnong'oneza. Alisimama katikati ya duka, akaitoa ile ile sauti ya ukumbini.

"Hugues, nilikuja hapa Alhamisi nikasema kwamba umeniuzia kitu kibovu. Nilisema uongo. Sikujua kuwa ni uongo, lakini pia sikujali kujua. Ruta ni nzima. Shida ilikuwa nyumbani kwangu, na kama ningekuacha uniulize maswali yako mpaka mwisho, pengine tungeijua siku ile ile. Nisamehe." Akamgeukia mwenye duka. "Mzee, kijana huyu alinihudumia kwa adabu. Asiyekuwa na adabu ni mimi."

Hugues akacheka, cheko la mtu aliyetuliwa mzigo. "Papa, asante. Hata mimi sikujua shida ni nini. Nilitaka tu tuangalie pamoja. Sasa, ilikuwa nini?" Na baba akaanza kueleza habari za printa na majina, akarefusha mno kama kawaida yake, na wateja wakasogea kusikiliza. Hata mwenye duka akatoka chumba cha nyuma.

Serah alimfuata Spès kwenye maboksi. "Nisamehe," alisema. "Nilikuwa naogopa mama atarudi kutwa nzima, nikakuumiza wewe. Jumatatu nitakuomba msamaha tena kwenye foleni. Kwa Kiingereza, mbele ya wale wale."

Spès aliendelea kupangusa boksi ambalo halikuwa na vumbi tena. "Wote?"

"Wote."

"Bon, sawa." Akampa Serah kitambaa kingine. "Shika. Upande ule haujapanguswa."

Walipokuwa wakirudi, gari lilisimama kwenye robot, yaani taa za barabarani, na maua ya zambarau yakawa yanadondoka polepole juu ya kioo. Serah aliyatazama, kisha akauliza.

"Baba, uliona aibu?"

"Niliona, Mama. Aibu kubwa." Akaweka mikono yote miwili kwenye usukani. "Sikiliza nikuambie, na mimi ndiye niliyechelewa kujifunza. Kitu kikiharibika, anza na kilicho mikononi mwako. Jaribu hiki, kisha kile, uliza, soma kijitabu. Ukishajua, ndipo useme kosa ni la nani. Mimi nilisema kwanza, na wewe ukanifuata, kwa sababu mtoto hufuata anachokiona. Hilo ndilo linaloniuma zaidi."

"Lakini kusema mbele ya watu wote vile..."

"Ilikuwa dakika moja tu," baba akasema. "Hugues ameibeba aibu hiyo tangu Alhamisi, na haikuwa yake. Ilikuwa yangu. Leo nimekwenda tu kuichukua."